Kabla Hawajamchagua Kel

9 Januari
Nesi wa kliniki ya watoto ameniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, eti kichwa kitapata kupumua. Sijui. Lakini Nyla amelala na nguo hazijakauka, basi naandika. Shule niliiacha nikiwa nimebakiza mwaka mmoja, kwa hiyo atakayesoma avumilie. Atakayesoma ni mimi.

Mume wangu Kel amerudi kutoka chuoni na mifuko yake miwili. Mpira wa chuo, ule wa Kimarekani wa kugongana, kwake umekwisha. Sasa tunangoja mwisho wa Aprili, timu kubwa zikae zichague vijana wa vyuo mmoja baada ya mwingine, timu dhaifu ikianza, raundi saba. Akichaguliwa, tumetoka. Asipochaguliwa, kuna kiwanda cha kuku na kuna kinu cha pamba, na kinu chenyewe kinafanya kazi msimu tu. Tunakaa kwa mama yake, Mama Odessa, hapa Tallis, Mississippi, katika chumba alichokuwa akilala Kel utotoni. Kitanda ni kile kile. Miguu yake inatokeza nje kama mbao kwenye pikipiki.

12 Januari
Mvua. Nyla anaota jino.

15 Januari
Nimerudi kazini kwa Bi Lorene, zamu ya asubuhi. Meza ya dirishani wapo wale wale, Mzee Hollis aliyekuwa fundi wa kinu na Tyrus anayeendesha basi la shule. Wakishawapeleka watoto wa watu, yaani Tyrus akishawapeleka, wanakaa hapo kuchagulia timu wachezaji kana kwamba kuna aliyewatuma.

"New Orleans wanataka mtu wa katikati," Mzee Hollis akasema. "Mtu wa kuinama, aurudishe mpira kwa mrushaji kupitia katikati ya miguu, halafu asimame kama ukuta. Na mtu huyo amezaliwa mtaa huu huu."

"Mtu huyo amezaliwa Iowa," Tyrus akasema. "Nimemwona kwenye televisheni. Mwili kama friji ya bucha."

"Friji haikimbii."

"Na wako anaurusha mpira juu ya kichwa cha mrushaji. Mechi ya mwisho, mara mbili."

"Ilikuwa mvua!"

"Mara mbili, Hollis?"

"Ulitaka mvua inyeshe mara moja, ikapumzike, Kel acheze, ndipo irudi? Ilikuwa mvua. Binti, mwambie huyu."

Nikamwambia ilikuwa mvua. Kweli ilikuwa mvua, nilikuwa uwanjani nimemfunika Nyla kwa mfuko wa plastiki.

"Haya, mke wa Raundi ya Tatu," Tyrus akasema, "niongezee kahawa." Tangu hapo jina langu kwenye meza ile ni Raundi ya Tatu.

20 Januari
Kel alikuwa akimfunga Nyla vifungo vya gauni la kanisani. Nikawa naangalia kwenye kioo. Kifungo cha kwanza kikamshinda, akajaribu tena, akajaribu tena, kisha akamgeuza mtoto akampeleka kwa bibi yake. Akasema ni baridi.

Kanisa lilikuwa na joto, lakini alikaa ameukalia mkono wa kulia.

23 Januari
Hakuna jipya. Mvua.

28 Januari
Asubuhi Kel alishika sufuria ya uji wa mahindi kwa vidole vitupu, akaiinua kutoka jikoni mpaka mezani, akaiweka taratibu kabisa. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nikamvuta mpaka kwenye bomba. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimetoka malengelenge na yeye anavitazama kama vya jirani.

"Huvisikii?"

"Navisikia."

"Kel."

"Vinakuja na kuondoka. Tangu Oktoba. Nilipigwa kichwani tukicheza ugenini, shingo ikawaka kama umeme mpaka mkononi. Kila mchezaji anayo hii, mama Nyla. Haitoki humu ndani."

Nikasema haitatoka. Nikampaka mafuta. Kwa hiyo mipira ile miwili ya siku ya mvua sasa naijua sababu yake, na sitaki kujua.

3 Februari
Wakala wake amekuja, Bwana Garrick, viatu vyeupe katika tope letu. Nilidhani atakuwa mjanja mjanja, lakini alimbeba Nyla vizuri na kambare akala mara mbili. Akamfundisha Kel namna ya kuzungumza na watu wa timu.

"Unajibu ulichoulizwa. Ambacho hujaulizwa hukijibu. Wakiuliza shingo, tunazungumza kwanza mimi na wewe. Wasipouliza, hakuna shingo."

Mama Odessa akacheka kutoka jikoni. "Ndoa yangu iliendeshwa hivyo hivyo. Angalia ilipofikia."

Lakini hajui kwa nini shingo imetajwa. Alidhani ni mfano tu.

14 Februari
Kel ameniletea maua kutoka kituo cha petroli. Nimeyaweka kwenye chupa ya maziwa ya Nyla.

22 Februari
Vijana wakubwa wote wako Indianapolis wanapimwa. Kel hakualikwa, chuo chake ni kidogo. Kwa Bi Lorene televisheni haikuzimwa. Wanawapima kila kitu, urefu, uzito, mikono, hata viganja, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho.

"Wanawashonea glavu?" Tyrus akauliza.

"Kimya. Huyo Iowa anakuja." Mzee Hollis akasogeza kiti. Kijana wa Iowa akakimbia na kaptura yake, akakimbia vizuri jamani, mwili wote ule. Mzee Hollis akakoroga kahawa, kisha akasema, "Ana mbio za mtu asiye na akili."

Mwanamume wa televisheni akasoma majina ya watu wa katikati na la Kel akalitaja mwishoni kabisa, akasema mikono yake inatia shaka. Tyrus akanigeukia pole pole. "Samahani, binti. Umeshuka. Sasa wewe ni Raundi ya Tano."

1 Machi
Kila alasiri Kel yuko nyuma ya nyumba. Amesimamisha godoro kuukuu kwenye ukuta wa banda, anainama, analirudishia mpira. Puu. Puu. Nyla analala kwa sauti hiyo siku hizi, ikikoma anaamka. Leo nimeanika nguo nikaona anatumia mkono wa kushoto.

"Tangu lini?"

"Timu zinapenda mtu wa mikono yote miwili."

Amesema bila kuniangalia. Jirani yetu alikuwa uani anatusikiliza, akapiga makofi. Nikajua habari imetoka.

4 Machi
Imetoka kweli. Nafika kazini Mzee Hollis amesimama katikati ya mkahawa anahubiri.

"Iowa anarudisha kwa mkono mmoja! Mkono mmoja, kama watu wote! Kel anarudisha kwa kulia, anarudisha kwa kushoto. Umewahi kusikia? Kulia kukiumia, kushoto kupo. Huyo si mchezaji mmoja, ni wawili kwa kiti kimoja!"

"Hiyo ni nzuri," Tyrus akakubali, na Tyrus hakubali kitu. "Hiyo lazima wajue."

"Watajua. Mtoto wa dada yangu anamjua mwandishi wa gazeti la Jackson."

Mji mzima umefurahi. Kinyozi anasema, mchungaji kasema. Kitu kile kile kinachoninyima usingizi wamekichukua wakakivisha koti jipya. Nami niko hapo na birika, nasema ndiyo, mikono yote miwili, karibuni tena.

8 Machi
Siku ya kupimwa chuoni kwake. Watu wa timu kadhaa walikuja na saa zao. Alikimbia vizuri kuliko alivyowahi, akainua chuma, akarudisha mipira, kushoto kisha kulia kisha kushoto, na yote ilifika. Mkono ulikuwa katika siku yake nzuri. Nilimwona akicheka na wenzake kichwa nyuma, meno yote, kama nilivyomwona mara ya kwanza kwenye duka la matairi. Nikasema labda tumepona. Labda ni kweli ni baridi, na baridi inaisha.

Njiani aliimba. Nyla alishangaa, hakujua baba yake ana sauti.

9 Machi
Raundi ya Tatu tena. Tyrus ameinama kama mbele ya malkia.

15 Machi
King'ora cha kimbunga mchana. Tuliingia bafuni wote, mimi na Nyla na Mama Odessa ndani ya bafu, Kel amepiga magoti nje yake ametufunika kwa godoro, amelishikilia kwa mgongo wake. Upepo ulipita upande wa mashamba. Mama Odessa alikuwa anaomba na katikati ya maombi akasema, "Kel, toa kiwiko chako sikioni kwangu," kisha akaendelea na Bwana.

Tulipotoka, lile godoro la bandani lilikuwa limelala chini. Kel amelisimamisha kabla ya chai.

19 Machi
Leo amekuja mtu wa timu. Yaani skauti. Hao kazi yao ni kuzunguka, wakishamwona kijana uwanjani wanakwenda kwao, wanauliza mwalimu, kinyozi, mwuza mafuta, wanajua namna alivyolelewa. Sote tulikuwa tunajua watakuja na sote tulikuwa tumejiandaa, ilikuwa kama mtihani ambao maswali yake tunayajua. Mipira miwili? Ilikuwa mvua.

Aliingia wakati meza ya dirishani imeondoka, mtu mzima, mrefu, soksi zimelowa. Akajitaja jina, Stroud. Akaagiza pai ya viazi vitamu na kahawa. Mtu aliyechoka namjua anavyokaa, anakaa kama anaweka mzigo chini. Nikampa kipande kikubwa.

"Unamfahamu Kelvarius Mabry?"

"Mji mdogo huu, bwana. Tunafahamiana wote."

"Mtu gani?"

Nikamwambia. Anaamka mapema. Hanywi. Anamnyoa baba yake mdogo aliye kitandani kila Jumamosi. Mambo ya kweli yote hayo. Akawa anakula anaitikia.

"Na ile mipira miwili?"

"Ilikuwa mvua."

Akatabasamu. "Kinyozi kaniambia mvua. Mchungaji kaniambia mvua. Mwanamke wa posta kaniambia mvua kabla sijamuuliza." Akafuta mdomo. "Nami nilikuwepo siku ile. Ilinyesha kweli. Kinachonisumbua ni hiki cha mikono miwili. Kila mtu hapa ananisifia hilo. Binti, nimezunguka na kazi hii nywele zimeniisha. Mchezaji hajifunzi mkono wa pili kwa kujifurahisha. Anajifunza kwa sababu wa kwanza umemwangusha."

Birika likawa zito.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mke wake."

Akaweka uma chini pole pole, akanitazama, akatazama na picha ya Nyla niliyoibandika kwenye mashine ya kahawa.

"Basi sikuulizi," akasema. "Mke haulizwi."

Akalipa, akaniambia pai ni nzuri, akatoka na soksi zake. Na mimi badala ya kufurahi nilikasirika. Kwa nini hakuuliza? Nilikuwa nimebeba jibu mdomoni kama maji ya moto, angeuliza mara moja tu ningelitema. Sasa nimelimeza tena.

Nilimwambia Kel kuwa skauti alikuja. Akauliza, "Ulimwambia nini?" Nikasema, "Kwamba unamnyoa baba yako mdogo." Akanibusu kwenye paji la uso kwa shukrani, nikajisikia vibaya mpaka sasa.

24 Machi
Nimechoka.

30 Machi
Mama Odessa ameagiza turubai la watu kukaa siku ya uteuzi. Anataka sukuma wiki ya masufuria matatu na mbavu za kuchoma. Akina dada wa kanisani wanamuuliza nyumba mpya atajenga wapi, naye anacheka kwa sauti. Wakati mwingine nikimwona hivyo namhurumia, wakati mwingine namwonea hasira, kwamba anamtazama mwanawe anaona vyumba vya kulala.

4 Aprili
Tumegombana, mimi na Kel. Nilisema daktari. Alisema Mei. Nilisema Mei atakuwa kwenye kambi ya watu anapigwa kichwa. Alisema, "Sasa nina wiki tatu, Jessa, na maisha yote nilikuwa naelekea hapa. Unataka niende nikaulize swali ambalo sitaki jibu lake?"

Tukanyamaza kwa sababu Nyla alikuwa anatutazama, huyu kisha yule, kama watu wa meza ya dirishani.

9 Aprili
Naandika na udongo bado uko kwenye kucha zangu.

Asubuhi ilikuwa imekauka vizuri, jua, ile miti yenye maua meupe imechanua barabara yote. Nilikuwa natundika shuka. Kel akatoka na Nyla begani, anamwonyesha maua, anamwita kwa majina ya kijinga kama kawaida yake. Alipofika kwenye ngazi za barazani akamhamishia mkono wa kulia ili ashike ukingo wa ngazi kwa kushoto. Niliona. Niliona mkono ukifunguka. Hakujikwaa wala hakuteleza. Mkono ulifunguka tu, wenyewe, na mtoto wangu akatoka ndani yake.

Alianguka kwenye kitanda cha vitunguu cha Mama Odessa, udongo alioupalilia jana. Kama angeanguka hatua moja huku, ni saruji. Alikaa kimya kwanza, kile kimya, kila mama anakijua, kisha akalia, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama kilio hicho. Nilikuwa nimefika sijui vipi. Shuka liko mabegani mwangu. Nilimpapasa kichwa, shingo, miguu, udongo mdomoni, hana kitu, mchubuko mdogo sikioni. Kliniki wamemtazama pia wamesema hana kitu.

Lakini nataka kuandika habari ya Kel. Alishuka akakaa chini kwenye vitunguu, mwanamume mkubwa vile, miguu mbele kama mtoto. Mkono wake wa kulia ameuweka mapajani, anautazama.

"Haikuwa mvua," akasema.

"Najua."

"Hata siku ile. Sikuusikia mpira kabisa, Jessa. Nilikuwa narudisha hewa."

"Najua, baba Nyla."

Mama Odessa alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. "Nini haikuwa mvua?" akauliza. Akatutazama sote watatu, akatazama mkono. Kisha akashuka ngazi na ndara zake, akaketi kwenye vitunguu vyake upande wa pili wa mwanawe, akauchukua ule mkono akaanza kuufuta udongo na kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Unanisikia hapa?" akawa anauliza. "Na hapa?"

"Hapana, Mama. Hapo ndiyo. Hapo hapana."

12 Aprili
Daktari wa shingo, Jackson. Walimwingiza kwenye mashine, wakatuonyesha picha. Njia ya uti wa mgongo ndani ya shingo ni nyembamba, alizaliwa nayo hivyo, na pale palipopigwa pamebana zaidi. Daktari ni mwanamke mdogo, anaongea bila haraka.

"Anaweza kucheza miaka kumi asipatwe na kitu," akasema. "Anaweza pia kupigwa siku ya kwanza na asinyanyuke tena."

"Ipi kati ya hizo?" nikauliza. Ni swali la kijinga lakini niliuliza.

"Ningejua ningekuambia, mama."

Asipopigwa tena, mkono unaweza kurudi taratibu. Unaweza.

Bwana Garrick alisema kwenye simu, "Picha hiyo ni mali yako, Kel. Hakuna timu iliyoiomba. Sikuambii ufanye nini." Halafu akasema, "Lakini ni mali yako." Mara mbili.

14 Aprili
Nilikuwa namenya viazi na Mama Odessa. Nikamwambia turubai lile labda tulirudishe.

"Watu nimeshawaalika, watakula," akasema. Kisha, bila kuinua macho, "Unajua sijawahi kumaliza mechi yake hata moja? Tangu akiwa mdogo. Wakianza kugongana natoka, nakwenda jikoni, naosha vyombo. Vikiisha vichafu naosha visafi. Watu wananiuliza nyumba mpya nacheka kwa nguvu, maana nikiacha kucheka wataniuliza kama nataka aende. Na kama nataka aende mimi sijui, mwanangu. Yeye anataka. Mimi nacheka."

Nilikuwa nikimwona siku zote hizi na sikumwona. Nilisogea nikakaa karibu naye zaidi, tukamenya.

17 Aprili
Kel ameamua. Amemwambia Bwana Garrick aipeleke picha kwa timu zote, na maneno ya daktari pamoja. "Wanichague wakijua au wasinichague," alisema. Bwana Garrick akapiga kelele, kisha hakupiga, kisha akasema atapeleka.

Ameniomba mjini tusiseme. "Waache wafurahi hiyo wiki."

20 Aprili
Mzee Hollis ameniita Raundi ya Pili. Nimemwongezea kahawa.

25 Aprili, Alhamisi
Raundi ya kwanza. Warushaji na wakimbiaji, watoto waliovaa suti za rangi ya peremende, mama zao wanalia. Kel anaangalia kama mtu anayeangalia harusi ya mtu mwingine.

26 Aprili
Kijana wa Iowa amechukuliwa raundi ya pili, na waliomchukua ni New Orleans. Mzee Hollis ametupa kofia yake nje ya mlango wa mkahawa, Tyrus akaenda kuiokota, akampangusia vumbi. Hakumtania. Hapo nikajua wanaumia kweli, kwamba huu si mchezo wa kahawa kwao.

27 Aprili, Jumamosi
Watu walianza kuja saa nne asubuhi na viti vyao. Chini ya turubai wazee, sebuleni wanaume na televisheni, jikoni sisi. Sukuma, mbavu, mkate wa mahindi, chai baridi ya sukari kwenye ndoo. Raundi ya nne ikapita, ya tano ikapita. Kila timu ikikaribia mtu wa katikati sebule inanyamaza, wakitaja mwingine sebule inalipuka.

"Huyo nani? Nauliza, huyo nani?"

"Wamechagua kwa kufumba macho!"

"Kel, usijali, wanakuhifadhi."

Kel anasema asante, anapita na sahani. Nilimwona anachoka usoni kwa kutabasamu. Ya sita ikapita. Watu wakaanza kula zaidi, kelele zikapungua.

Raundi ya saba, simu ikalia mfukoni mwake. Alinitazama, tukaingia stoo ya jikoni, kati ya unga na makopo, akaishika simu kati ya masikio yetu. Mtu wa timu ya kaskazini, sauti ya haraka.

"Kijana, tumeiona picha yako. Wengine wamekufuta, sisi hatujakufuta. Daktari wetu anasema inavumilika. Zamu yetu ni sasa. Tukiweka jina lako, utakuja?"

Nitaandika ukweli. Nilitaka aseme ndiyo. Niliona jina lake kwenye kioo cha televisheni na watu wakirukaruka na Nyla akilelewa katika nyumba yenye chumba chake. Niliona kwa sekunde ile, vyote, hata rangi ya pazia. Kel akanitazama. Midomo yake ikasema, Jessa? Sikuweza kusema ndiyo na sikuweza kusema hapana. Niliuchukua mkono wake wa kulia nikaubana kwa nguvu zangu zote, niliubana mpaka kucha zikaingia, nikamwangalia usoni. Hakushtuka.

Akautazama mkono, akarudi kwenye simu.

"Bwana, hiyo inavumilika," akasema taratibu, kwa adabu kabisa, "mwenye kuivumilia ni nani?"

Nikasikia watu wengine wakizungumza nyuma yake.

"Nina dakika moja, kijana."

"Basi mpe mwingine. Nakushukuru kwa kunikumbuka, bwana. Kweli nakushukuru."

Akakata. Tukabaki stoo. Alilia bila sauti, paji la uso kwenye rafu ya makopo, na mimi nimeshika mgongo wake, mgongo mpana vile, sikuumaliza kwa mikono miwili.

Kisha akaosha uso, akaenda sebuleni, akazima sauti ya televisheni. Akawaambia yote. Oktoba, vidole, shingo, picha, simu.

Mzee Hollis alisimama. "Timu imekupigia. Ukawaambia hapana."

"Ndiyo, Mzee Hollis."

"Kwa simu."

"Ulitaka niwafuate?"

Mtu akacheka kwa bahati mbaya, akajizuia. Mzee Hollis akatazama vidole vya Kel muda mrefu. Nilidhani atamtukana. Nilikuwa tayari, nilikuwa na uma wa mbavu mkononi. Akasema, "Mikono yote miwili. Na mimi nilitembea mji mzima na hilo." Akaketi, akajifunika uso na kofia.

Mama Odessa akapiga sahani kwa uma. "Mbavu zinapoa. Kama kuna aliyekuja kumwona tajiri aende, aliyekuja kumwona Kel achukue sahani."

Hakuna aliyeondoka. Walikula. Na wakiwa wanakula, wanaume wale, hawawezi, wakaanza.

"Shule ya upili inataka kocha wa safu ya mbele," Tyrus akasema.

"Ualimu? Mwili ule? Awe zimamoto," Mzee Hollis akasema chini ya kofia.

"Zimamoto wanabeba watu, Tyrus, na mkono je?"

"Mimi sikusema zimamoto, umesema wewe!"

"Shule. Raundi ya kwanza, bila kufikiri. Shule."

Wakagombana hivyo mpaka jua likashuka kwenye mashamba, wanampeleka Kel huku na huku. Yeye alikuwa amelala kwenye kiti chini ya turubai, mdomo wazi, Nyla amelala kifuani kwake. Nilikuwa nimemfunga mtoto kwa shuka mwilini mwa baba yake ili asianguke. Yeye mwenyewe aliniomba nimfunge.

29 Aprili
Kazini. Nimefungua mlango nao wameshafika, na wameshaanza mwaka ujao. Kuna kijana wa kata jirani, bado yuko chuoni, beki, mkubwa, Mzee Hollis anasema huyo hakosi raundi ya kwanza. Tyrus anasema hapana, ana miguu mifupi. Wamebishana mpaka kahawa imepoa.

"Binti," Mzee Hollis akaniita, kwa jina langu la kawaida sasa, "wewe mume wako alikuwa mchezaji. Huyu kijana unamwonaje?"

"Mmemuuliza kama anavisikia vidole vyake?"

Niliwamiminia kahawa mpya. Tyrus akatazama dirishani. Nilipogeuka kurudisha birika nilimwona Mzee Hollis ameuweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, anaufunga na kuufungua, anaufunga na kuufungua, kidole cha mwisho hakifuati wenzake.